Barua ya wazi: Tupeni Aprili yenye tarehe

Kwa Waziri wa Uchukuzi, Waziri wa Maji, Waziri wa Kilimo, Ofisi ya Waziri Mkuu kwa upande wa maafa, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), na Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nyote kwa mpigo kwa sababu mvua ni moja lakini ofisi zenu ni tano. Ikiwa bado mawinguni ni ya Uchukuzi, maana huko ndiko iliko Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ikiingia mtoni ni ya Maji, ikinywewa na shamba ni ya Kilimo, ikibomoa nyumba ni ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Na mwalimu anayeipima kwenye uwanja wa shule, yaani mimi, yuko chini ya TAMISEMI. Ningemwandikia mmoja wenu tu, angesema, na kwa haki kabisa, kwamba suala hili limevuka mipaka ya ofisi yake.

Ombi lenyewe si kubwa. Taarifa ya mwezi inayotufikia huku kwenye kata ije na tarehe. Isiishie kusema kwamba Aprili ilikuwa na mvua za wastani, au asilimia kadhaa juu ya wastani. Iseme mvua ilinyesha tarehe zipi, ilikatika kwa siku ngapi mfululizo, ilianguka upande gani wa mlima, na usiku ulikuwa na joto kiasi gani. Najua wengi wa wataalamu wenu wanavyo vipimo hivyo. Vinapotea njiani, kati ya daftari la mpimaji na tangazo linalobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata.

Niwaeleze kipimo kinavyopatikana, kwa kuwa baadhi yenu huenda mmekiona kama namba tu. Kila asubuhi saa 3, saa ambayo vituo vyote vya mvua nchini husomwa, wanafunzi wawili wa zamu wanakwenda kwenye kipima mvua kilichosimikwa mbali na miti na kuta. Wanatoa faneli, wanaondoa jani la mwarobaini au mende aliyezama, wanamimina maji kwenye silinda ya kupimia. Mmoja anachuchumaa mpaka jicho lake liwe sawa na usawa wa maji, anasoma pale ambapo maji yamebonyea katikati, si kingoni yanakopanda na kioo. Mwenzake anarudia kusoma kabla namba haijaandikwa. Kisha inaandikwa kwenye mstari wa jana, kwa kuwa sehemu kubwa ya saa 24 zilizopimwa ilikuwa jana. Mvua ya manyunyu isiyofika hata sehemu ya kumi ya milimita nayo inaandikwa, ili isidhaniwe kwamba siku ile ilikuwa kavu au kwamba mpimaji alilala. Kazi hii inafanywa hata Jumapili, hata sikukuu. Mwisho wa mwezi kuna mistari 30 au 31.

Halafu mistari hiyo inajumlishwa, na jumla ndiyo inayosafiri.

Chukueni vijiji viwili vya mfano. Vyote vimepata milimita 150 mwezi Aprili. Kimoja kilipata milimita 10 kwa siku 15, leo inanyesha, kesho jua. Cha pili kilipata milimita 75 tarehe 3 na milimita nyingine 75 tarehe 28, na siku 24 za katikati hakikuona hata tone. Kwenye taarifa ya mwezi vijiji hivi ni pacha. Ni kama kuandika kwamba familia ilikula kilo 30 za unga mwezi huu, bila kusema kwamba kilo zote zilipikwa siku mbili.

Mkulima wa mahindi anayepanda katikati ya Machi anakuwa na miche ya magotini wakati Aprili inaendelea. Huo ndio wakati wa palizi na wa mbolea ya kukuzia. Urea ikimwagwa kwenye udongo mkavu, jua likawaka, sehemu yake inageuka hewa na kupotea. Ikimwagwa saa chache kabla ya mvua ya milimita 75, inasombwa mpaka mferejini, na pesa za mfuko mzima zinakwenda kulisha magugu ya jirani wa bondeni. Inataka mvua ya wastani, kama ya milimita 10 au 15, siku hiyo au kesho yake. Kwa hiyo swali la mkulima kwa Aprili nzima ni la tarehe. Ukimwambia mwezi utakuwa "wastani hadi juu ya wastani" hujamjibu. Kuna na kiwavijeshi vamizi, mdudu ambaye hustawi mvua inapokatika na ambaye mvua kubwa humwosha na kumwangusha akiwa bado mdogo. Afisa ugani akijua kwamba kipindi kikavu kimefika siku ya kumi, anajua wiki ya kwenda kukagua majani. Akisubiri jumla ya mwezi, atakuta mashimo.

Maharage nayo yaliyopandwa Machi huchanua mwishoni mwa Aprili. Mvua ya mfululizo wakati huo huleta kutu na kuoza, na kipindi kikavu chenye joto huangusha maua. Mwezi uleule, milimita zilezile, mkulima mmoja anavuna na mwingine anakata mabua ya kulishia ng'ombe.

Nafahamu kwa nini Aprili haiwi laini. Ukanda mvua unaopita juu yetu ukifuata jua kwenda kaskazini haupiti kwa mwendo wa sare. Huko juu kuna wimbi la mawingu linaloizunguka tropiki likielekea mashariki, linalochukua siku 30 hadi 60 kukamilisha mzunguko, lililoelezwa na Madden na Julian mwaka 1971. Awamu yake moja ikifika upande wetu wa Bahari ya Hindi inatulowesha, awamu nyingine inatukausha. Kuna upepo wa magharibi unaoleta unyevu kutoka misitu ya Congo. Kuna vimbunga vya karibu na Madagascar na mlango-bahari wa Msumbiji, ambavyo mara vinavuta unyevu wetu kwenda kwao, mara vinatusukumia. Vyote hivyo vinafanya kazi kwa wiki, na wiki ndizo zinazofutwa tunapojumlisha mwezi.

Masika ni msimu mgumu kutabiri kuliko vuli, na wataalamu wa ukanda huu wamelisema hilo kwa miaka mingi. Vuli inashikamana na bahari: maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakipata joto kuliko ya mashariki, Oktoba hadi Desemba hunyesha. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997, mwaka 2019 na mwaka 2023. Mwaka 2019 hakukuwa na El Nino ya maana, na bado tulifurika. Mwaka 2015 El Nino ilikuwa kali, watu wakajiandaa kwa gharika ya 1997, na gharika ya kiwango kile haikuja. Lakini tofauti hiyo ya joto la bahari kwa kawaida hufifia kufikia Januari, kwa hiyo Machi hadi Mei hubaki na kamba dhaifu ya kushikilia. Sina ugomvi na hilo. Ninachosema ni kwamba msimu usiotabirika kwa jumla ndio unaohitaji zaidi taarifa za siku kumi kumi, na ndio unaohitaji zaidi kufanyiwa hesabu mwisho wa mwezi.

Nchi hii ina sababu za kuiogopa Aprili. Kimbunga cha Aprili 1872, Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, akiwa hajatimiza hata miaka miwili ya utawala, kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, kikaiacha Pemba ikiwa na yake nyingi. Uongozi wa karafuu ukahamia Pemba na mpaka leo haujarudi. Aprili 1952 kimbunga kingine kilipiga Lindi. Ni nadra dhoruba za namna hiyo kufika kwetu, kwa sababu karibu na ikweta nguvu inayoifanya hewa izunguke ni ndogo. Ila nadra si kamwe, na Aprili 2024 haikuhitaji hata kimbunga. Tarehe 25 mwezi ule Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko vilikuwa vimeua watu 155 na kuathiri zaidi ya watu 200,000. Siku nne baadaye, ng'ambo ya mpaka, maji yaliyopasua kizuizi juu ya Mai Mahiu nchini Kenya yaliua makumi ya watu usiku mmoja.

Kisha kikaja kimbunga Hidaya. Hapa nawapongeza bila kubana. Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ilitoa taarifa moja baada ya nyingine zikieleza kimbunga kiko kilomita ngapi kutoka Mafia na Kilwa, kinasogea kwa mwendo gani, na upepo utakuwa na nguvu gani. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Barabara ya kwenda kusini ilikatika pale Somanga, ndiyo, lakini mtu wa pwani alijua siku na alijua mahali. Nilisikia wavuvi kwenye redio wakizitaja kilomita hizo kama wanataja bei ya nanga. Yaani inawezekana. Mnao wataalamu, mnayo lugha, na Watanzania wanaelewa namba zikiwa na mahali na saa. Tunachoomba ni kwamba adabu hiyo ya siku za kimbunga itumike pia kwa mwezi wa kawaida.

Sasa nije kwenye "mahali", kwa kuwa hapo ndipo panapotuumiza sisi wa tambarare.

Mkoa wa Kilimanjaro kwenye ramani ni rangi moja. Miteremko ya kusini ya mlima, juu ya Kibosho na Marangu kwenye ukingo wa msitu, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukishuka mpaka Same unakuta milimita 500 na kidogo. Ukichanganya vituo hivyo viwili upate wastani wa mkoa, unapata mvua ambayo haijawahi kunyesha popote. Hatua ya Mamlaka ya kushusha utabiri wa msimu mpaka ngazi ya wilaya ni njema na naomba isirudi nyuma, ila hata wilaya ya Moshi Vijijini inaanzia kwenye barafu na kuishia kwenye mashamba ya miwa na mpunga. Gawanyeni kwa mwinuko. Mpimaji wa mita 700 asijumlishwe na wa mita 1,600.

Na maji hayafuati mkoa. Huku Kahe tunaweza kulala na nyota, asubuhi mto umejaa matope na magogo, kwa sababu usiku ilinyesha juu. Kipima mvua chetu saa 3 kinasoma sifuri. Kwa taarifa ya mwezi siku hiyo ni kavu, na kwa mama aliyepoteza mbuzi si kavu hata kidogo. Nimewahi kuhudhuria kikao ambacho ofisi moja ilisoma taarifa kwamba kata ilikuwa na mvua chache mwezi ule, wakati nusu ya waliohudhuria walikuwa wamevua viatu mlangoni kwa sababu ya tope la mafuriko. Hakuna aliyedanganya. Kila namba ilikuwa sahihi.

Rufiji ni hadithi hiyohiyo kwa ukubwa wa kutisha. Maji yanayozamisha mashamba ya Kibiti na Rufiji yanatoka Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, yaani kwenye vilima vya Mbeya, Njombe, Iringa, Morogoro na Ruvuma. Bonde hilo peke yake ni karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mkazi wa Delta akipewa mvua ya Aprili ya mkoa wa Pwani amepewa taarifa ya watu wengine. Nchi imekwisha kugawanywa katika mabonde tisa ya maji, yana bodi, yana ofisi, yana vipimo vya mito. Kwa nini taarifa ya mwezi ya mvua na taarifa ya mwezi ya mito zisiwe ukurasa mmoja? Hapo ndipo Waziri wa Uchukuzi na Waziri wa Maji wanapotakiwa kuketi meza moja, na sidhani kama hilo linahitaji bajeti ya nyongeza. Linahitaji chai.

Kuhusu joto nitasema kidogo, lakini lisisahauliwe kwa kuwa Aprili inajulikana kwa mvua. Wastani wa joto wa nyuzi 24 unaweza kuwa mchana wa 30 na usiku wa 18, au mchana wa 27 na usiku wa 21. Kwa mti wa kahawa hiyo ni miezi miwili tofauti. Utafiti wa kahawa ya arabika hapa Tanzania uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba joto la usiku linalopanda ndilo linaloshusha mavuno kwa nguvu zaidi. Andikeni usiku peke yake na mchana peke yake. Na mnapolinganisha na "kawaida", semeni kawaida ipi. Kipindi cha kulinganishia kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020, ambacho chenyewe kina joto kuliko kile cha 1961 hadi 1990. Mwezi unaoitwa wa kawaida leo, bibi yangu angeuita wa joto.

Yako pia maneno ya utabiri wenyewe. "Wastani hadi juu ya wastani." Waheshimiwa, maneno haya yanapotoka redioni, mkulima anasikia "mvua nyingi", mwenye lori la mchanga anasikia "hakuna shida", na diwani anasikia kile alichokuwa akitaka kukisikia. Nyuma yake kuna hesabu safi kabisa. Mtaalamu anachukua miaka 30, anaipanga kutoka yenye mvua chache hadi yenye mvua nyingi, anaikata mafungu matatu ya miaka kumi kumi. Asingejua chochote angesema kila fungu lina nafasi sawa, theluthi moja. Bahari ikimpa dokezo, anasema fungu la juu lina asilimia 45, la kati 35, la chini 20. Hayo yakifupishwa kuwa maneno matano, zile 20 zinatoweka, na ndizo zinazoturudia mwezi wa Juni tukiwa na maghala matupu na hasira. Zitangazeni zote tatu. Mtu anayecheza bao na kubashiri mpira kila Jumamosi anaelewa mambo ya nafasi, msimhurumie.

Wazee wa pwani walikuwa na utabiri wao wa Aprili na Mei: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Siutetei kama sayansi. Lakini una sifa moja ambayo ya kwetu imeikosa: unaweza kuukamata. Kundi lile la nyota linapotea machweo, linarudi alfajiri wiki kadhaa baadaye, na kila mtu mwenye macho anaweza kutoka nje na kusema mzee amepatia au amekosea. Utabiri wa mwezi unaosema "juu ya wastani katika baadhi ya maeneo" haukamatiki. Baadhi ya maeneo hayakosekani.

Kwa hiyo naomba kila mwezi unapokwisha, kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata, tuwekewe pamoja kile kilichotabiriwa na kile kilichonyesha, kituo kwa kituo, kwa kipimo kilekile. Mkipatia semeni. Mkikosea semeni. Asilimia za usahihi wa msimu mzima kwa nchi nzima hazitusaidii, kwa kuwa mtu haishi kwenye nchi nzima. Anaishi chini ya kituo kimoja. Nina hakika kuna vituo ambako utabiri wenu ni mzuri kuliko tunavyodhani, na sisi hatujui kwa sababu hatujawahi kuoneshwa. Vilevile kuna sehemu ambako hautofautiani na kurusha shilingi, na huko ni afadhali tuambiwe ili tupande mtama na mihogo pembeni ya mahindi kwa busara zetu wenyewe.

Na lugha ya vipimo iwe ya mtu. Mmekwisha kutufundisha angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na rangi zake, na watu wamezishika. Mmetuambia mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Ongezeni hatua moja. Milimita moja ni lita moja kwenye kila mita ya mraba. Paa la darasa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8 likipigwa na milimita 50 linashusha lita 4,000. Ekari moja inapokea zaidi ya lita 200,000. Nikiwaandikia wanafunzi hesabu hiyo ubaoni, wanaacha kunong'ona. Mwenyekiti wa kitongoji akiambiwa hivyo, ataangalia kalvati la kijiji chake kwa jicho jingine, maana analijua kipenyo chake.

Sasa takwimu zenyewe. Mwaka 2021 nchi wanachama wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani zilikubaliana sera mpya ya kubadilishana takwimu za msingi bila malipo na bila vikwazo. Hayo ni makubaliano kati ya mataifa. Naomba moyo wake ufike pia ndani ya taifa. Vipimo vya kila siku vya vituo vyetu, vya miaka iliyopita na vya mwezi huu, viwekwe mahali ambapo mwalimu, mwanafunzi wa chuo kikuu cha kilimo SUA, afisa ugani na mkopeshaji wa SACCOS wanaweza kuvipakua kwa simu bila barua ya maombi na bila ada. Bima ya mazao inayolipa kwa kufuata mvua haiwezi kuaminika kama mkulima hawezi kuziona namba zilizomnyima fidia. Vilipimwa kwa mikono yetu, kwenye viwanja vyetu, vingine na watoto wetu waliochuchumaa asubuhi na sweta zimelowa.

Kwa TAMISEMI nina jambo langu dogo. Shule nyingi ziliwahi kuwa na kipima mvua. Mara nyingi kilichobaki ni kigingi na simulizi. Faneli imepasuka, silinda imevunjika na kubadilishwa na chupa ya soda iliyochorwa alama kwa kalamu, jambo linaloharibu kipimo kwa sababu silinda na faneli vimetengenezwa kuoana. Gharama ya kurudisha vifaa hivi ni ndogo ukilinganisha na kituo cha kisasa kinachojiendesha, ambacho nacho huzimika siku betri ikichoka na hakuna mtu wa kugundua. Mwalimu na wanafunzi wa zamu wanagundua. Tupeni silinda, tupeni fomu, na kila tunapotuma vipimo mtujibu hata kwa ujumbe mfupi: vimefika, kituo cha jirani kilisoma kiasi hiki, tarehe 14 yenu inatia shaka, angalieni tena. Mpimaji anayejibiwa hupima vizuri zaidi. Asiyejibiwa, kuna siku ataandika sifuri akiwa bado kitandani, na ninyi mtaijumlisha.

Najua mtaniambia mambo haya yote hayawezi kuanza nchi nzima kwa siku moja. Sijaomba hivyo. Anzeni na Bonde la Pangani. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanapita kwetu tambarare, yanakutana Nyumba ya Mungu, yanashuka kando ya milima ya Upare na Usambara, yanazungusha mitambo ya Hale na Pangani, yanaingia baharini. Lina wakulima wa kahawa, wa mpunga na wa mkonge, lina wafugaji, lina umeme, lina mji wa Moshi na wa Arusha, na ofisi ya bodi ya bonde iko Moshi hapo hapo. Kila ofisi niliyoitaja juu ya barua hii ina mtu wake ndani ya bonde hili. Chagueni Aprili moja, ijayo ikiwezekana. Mwishoni mwa Machi toeni nafasi za mafungu matatu kwa kila mwinuko. Kila siku kumi toeni tarehe za mvua na urefu wa kipindi kikavu, pamoja na usawa wa mito. Ikifika tarehe 10 Mei toeni karatasi moja yenye utabiri upande wa kushoto na matokeo upande wa kulia, ibandikwe kwenye kila ofisi ya kata kuanzia Marangu hadi Pangani mjini.

Shule yetu iko tayari kuwa moja ya vituo. Daftari lipo na zamu zimepangwa. Tunahitaji silinda mbili, moja ya akiba, kabla ya tarehe 1 Machi.

Wenu,
Mwalimu wa jiografia, tambarare ya Kilimanjaro